Morgon ya Kilima cha Py: Namna ya Kuionja na Chakula cha Kuiwekea

Divai ya shamba moja ni ile iliyotengenezwa kwa zabibu za kipande kimoja cha ardhi chenye jina lake, bila kuchanganywa na zabibu za mashamba mengine. Ufaransa ina vipande vya namna hiyo kwa maelfu, na wengi wetu tukisikia habari zake mawazo hukimbilia Bourgogne, ambako chupa moja inaweza kumaliza mshahara wa mtu. Anayejifunza mimi humshauri aanzie kusini kidogo ya hapo, Beaujolais, kwenye kilima kiitwacho Côte du Py katika kijiji cha Villié-Morgon. Huko Ulaya chupa nzuri nyingi za kilima hicho huuzwa kati ya euro 15 na 40. Divai yake huitwa Morgon. Ladha yake haijifichi, na ni divai inayotaka chakula mezani. Ina sharti moja kubwa ambalo watu hulivunja kila siku: haipendi joto.

Ijue kabla hujainunua

Mzabibu wake ni gamay. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Bourgogne, aliamuru gamay ing'olewe katika ardhi yake, akiitangaza kuwa mbaya na isiyo na uaminifu. Alikuwa na hoja. Kwenye udongo wa chokaa wa Bourgogne gamay huzaa mno na kutoa divai nyepesi isiyo na la kusema. Lakini kusini, kwenye miamba ya kale ya Beaujolais, mzabibu huohuo ulikuwa umefika kwao.

Beaujolais ina vijiji na maeneo kumi yenye hadhi ya kuuza divai kwa jina lake lenyewe, na Morgon, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 1936, ni mojawapo. Ndani ya Morgon kuna sehemu sita zinazotambuliwa kwa majina: Côte du Py, Corcelette, Grand Cras, Les Charmes, Les Micouds na Douby. Côte du Py ndiyo yenye sifa kuliko zote. Ni kilima cha mviringo chenye urefu wa karibu mita 350 kutoka usawa wa bahari, na mwamba wake ni wa asili ya volkano, rangi ya bluu iliyofifia kuelekea kijivu. Wenyeji huuita mawe ya bluu, na pale ulipolika kwa mvua na miaka huuita mwamba uliooza. Ukiokota kipande, kinameguka kwa vidole tu, na ndani yake unaona michirizi ya kutu ya chuma na madoa meusi ya manganizi.

Usimwamini mtu anayekwambia unalamba mwamba huo kwenye glasi. Mzabibu haunyonyi ladha ya jiwe. Mwamba unafanya kazi nyingine: hautuami maji, hauna rutuba nyingi, hivyo mzabibu hauneemeki, unazaa kidogo, na zabibu zinakuwa na rangi na nguvu zaidi kuliko za bondeni.

Uvunaji ni wa mikono, kwa sababu vishada vinatakiwa kufika kwenye tangi vikiwa vizima. Vishada vya juu huvielemea vya chini, juisi hutoka na kuanza kuchachuka, na gesi ya kabonidayoksaidi hujaa ndani ya tangi. Zabibu zilizosalia nzima, zikikosa hewa, huanza kuchachuka zenyewe kwa ndani, kabla hazijapasuka. Hapo ndipo inapotoka ile harufu ya tunda fresh inayokupokea kabla glasi haijafika mdomoni, na hapo pia ndipo ukakasi unapopungua. Beaujolais Nouveau, ile inayouzwa kwa shangwe Alhamisi ya tatu ya Novemba, hukaa hivyo siku nne au tano tu. Morgon ya maana hukaa siku 10 hadi 20, kisha hupumzishwa kwa miezi, aghalabu kwenye mapipa ya zamani. Kwa hiyo aliyeonja Nouveau akaichukia bado hajasema lolote kuhusu Morgon.

Ila si wote wanaofuata njia hiyo. Jean Foillard, mmoja wa wakulima waliokipa kilima hiki jina nje ya Ufaransa, anaifuata; yeye ni wa mkondo wa Jules Chauvet (1907–1989), mkemia na mfanyabiashara wa divai ambaye mafundisho yake yalimfikia Marcel Lapierre, mkulima wa Morgon, na rafiki zake: vishada vizima, hamira ya asili iliyo kwenye zabibu zenyewe, salfa (dawa ya kuikinga divai isiharibike) kidogo sana au hakuna kabisa. Lakini Château des Jacques, shamba lililo mikononi mwa kampuni ya divai ya Louis Jadot tangu 1996, huenda njia ya Bourgogne: vikonyo vinatolewa, na divai inalelewa kwenye mapipa ya mwaloni. Kilima ni kimoja, lakini ukiziweka glasi mbili hizo pamoja hata mgeni wa mambo haya ataona tofauti. Jina la shamba peke yake halitoshi. Soma na jina la aliyetengeneza.

Kuisoma lebo

Tafuta neno Morgon likiwa kubwa, na karibu yake Côte du Py. Neno Beaujolais huenda usilione kabisa, usishangae. Maneno «mis en bouteille au domaine» yana maana kwamba divai iliwekwa kwenye chupa palepale ilipotengenezwa, na hiyo ni dalili njema. «Vieilles vignes», yaani mizabibu mizee, hayana kipimo cha kisheria. Kila mtu huyaandika kwa dhamiri yake.

Kisha angalia mwaka. Miaka ya jua kali, kama 2015, 2018 na 2020, ilitoa Morgon nene, yenye tunda lililoiva sana na kileo cha juu. Mwaka 2021 ulikuwa wa baridi, jalidi likaunguza machipukizi mwezi Aprili, na divai zake ni nyepesi na zenye uchachu zaidi. Kwa meza ya chakula mimi huuchagua mwaka wa baridi bila kusita, ijapokuwa wauzaji wataisifu ile ya jua.

Hatua ya kwanza: ipoze

Ushauri wa kale unasema divai nyekundu inywewe ikiwa na joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha nyumba ya mawe ya Ulaya, zamani, majira ya baridi, wala si sebule ya Dar es Salaam mwezi wa pili. Kwa nyuzi 28 kileo kinapanda puani, tunda linapotea, na unabaki na kitu kinachofanana na sharubati iliyotiwa spiriti. Morgon inataka nyuzi 13 hadi 15.

Njia ya haraka ni ndoo. Weka barafu nusu, jazia maji mpaka yafike shingoni mwa chupa, na iache dakika 10 hadi 15. Maji ni ya lazima: barafu peke yake inagusa chupa hapa na pale tu, maji yanaizunguka yote. Kama una friji na una nafasi, saa moja na nusu inatosha kwa chupa iliyokuwa kwenye joto la nyumbani kwetu. Ikitoka imepoa kupita kiasi hakuna hasara, glasi itaipasha yenyewe. Ikitoka ya moto, umeanza vibaya.

Huna kipimajoto? Shika chupa kiganjani. Iwe ya ubaridi wa wazi, lakini isikufanye utake kuiachia.

Hatua ya pili: fungua na umimine kidogo

Glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana kidogo, safi, isiyonuka sabuni wala kabati. Mimina theluthi moja tu. Nafasi inayobaki ni ya harufu.

Chupa zenye salfa kidogo wakati mwingine hutoa vipovu vidogo ulimini. Ni gesi iliyobaki, haina ubaya. Mimina kwenye jagi kwa kishindo kidogo, zungusha, itaondoka. Ukungu nao usikutishe, maana wengi wa mkondo wa Chauvet hawachuji.

Rangi itazame upesi na usonge mbele. Divai changa ni nyekundu yenye urujuani ukingoni. Iliyozeeka huelekea rangi ya tofali. Hayo yanatosha.

Hatua ya tatu: nusa

Hapa usiharakishe. Nusa mara ya kwanza bila kuzungusha glasi. Harufu nyepesi ndizo huja kwanza: cheri, rasiberi, na kwa aliyekulia kwetu, forosadi mbivu na zambarau. Sasa zungusha glasi ikiwa imekaa juu ya meza, mara tatu nne, kisha nusa tena. Sasa zitakuja za chini zaidi: waridi lililokauka, pilipili manga, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Chupa ya miaka mitano na kuendelea huleta kokwa ya cheri na majani yaliyooza ya msituni, ikaanza kujifanya Bourgogne. Watu wa Villié-Morgon wana kitenzi kamili cha tabia hiyo, «morgonner», na husema divai yao ina tunda la Beaujolais na haiba ya Bourgogne.

Usilazimishe kutaja majina ya matunda usiyowahi kula. Sema unachokijua. Aliyenusa ubuyu na akasema ubuyu ameonja vizuri kuliko anayekariri matunda ya kwenye vitabu.

Pua pia ndiyo mlinzi wa kasoro. Harufu ya kiberiti kilichozimwa au yai hupungua ukiipa hewa robo saa. Harufu ya kadibodi iliyolowa ni kizibo kilichoharibika, na hiyo haiponi, irudishe dukani. Harufu ya rangi ya kucha ikiwa hafifu inavumilika, ikiwa kali divai iko njiani kuwa siki. Ipo kasoro moja ambayo pua haiioni kabisa. Unakunywa, kila kitu kizuri, kisha sekunde kumi au zaidi baada ya kumeza inapanda kutoka kooni harufu ya kizimba cha panya. Hutokea kwenye divai zisizotiwa salfa. Asidi ya divai huzifunga chembe zake zisipae hewani. Mate yakishaipunguza asidi hiyo, ndipo zinafunguka. Ndiyo maana kwa chupa za mtindo huu usisifu wala kuagiza ya pili kabla hujameza na kungoja kidogo.

Hatua ya nne: onja

Chukua kiasi cha kijiko cha chakula, kizungushe mdomoni chote, vuta hewa kidogo kupitia midomo, kisha meza au tema. Kutema si ushamba. Wanaoonja kwa kazi hutema siku nzima.

Fuatilia vitu vitatu. Uchachu utausikia pembeni mwa ulimi, mate yakikutoka. Morgon nzuri inao wa kutosha, na ndio unaoifanya ivumilie mafuta. Ukakasi ni kule kukauka kwa ufizi na ulimi unakokusikia ukinywa chai iliyochemka mno. Gamay ina ukakasi mdogo, ila Côte du Py huwa na zaidi ya majirani zake, mwembamba, unaofika mwishoni. Halafu hesabu ni muda gani ladha inabaki baada ya kumeza. Ikitoweka mara moja, umelipia jina la kilima tu.

Jiulize pia kama kuna kitu kimojawapo kinachopiga kelele kuliko vingine. Kwenye miaka ya jua kali mara nyingi ni kileo, kinachowaka kooni. Ipoze zaidi kidogo, hadi nyuzi 12, itatulia.

Hatua ya tano: chakula

Villié-Morgon iko kaskazini ya Lyon, na divai hii imekua na jiko la Lyon, ambalo ni la mafuta, chumvi, maini na viazi. Kwenye mikahawa midogo ya mji huo iitwayo «bouchon», divai ya Beaujolais huletwa mezani kwenye chupa nzito yenye kitako kinene, ujazo wa sentilita 46, bila sherehe.

Chakula cha kwanza kabisa ni soseji nene ya Lyon yenye pistashio. Huwekwa kwenye maji baridi, hupashwa taratibu bila kuachwa yatokote, dakika 30 hadi 40, kisha hukatwa vipande vinene na kuliwa na viazi vya kuchemsha. Fanya jaribio la tonge moja. Kunywa kidogo kabla ya kula na ukumbuke jinsi ukakasi ulivyokushika. Sasa kula kipande cha soseji na kiazi. Kabla mafuta hayajaondoka ulimini, kunywa tena. Ukakasi umelegea, kwa sababu umeshikamana na protini ya nyama badala ya mate yako. Chumvi imelainisha uchungu. Na uchachu umeyafuta mafuta, mdomo ukawa tayari kwa tonge jingine. Tunda la divai, lililokuwa nyuma, sasa limekuja mbele. Jaribio hili dogo litakufundisha zaidi ya jedwali lolote la divai na vyakula.

Vijijini Beaujolais kuna namna nyingine ya kuipika. Majira ya baridi, wanapochemsha makapi ya zabibu kwenye mtambo ili wapate pombe kali, huzika soseji ndani ya makapi hayo na mvuke huziivisha. Huitwa «saucisson au gène». Ukipita huko Januari na ukakaribishwa, usikatae.

Asiyekula nguruwe hakosi kitu. Lyon kuna keki ya maini ya kuku inayoliwa na mchuzi wa nyanya, na kwa maoni yangu ndiyo mwenza bora wa Côte du Py kuliko hata soseji: utamu wa maini unasawazishwa na uchachu wa divai, na ile harufu ya chuma iliyo kwenye maini inaoana na harufu ya udongo iliyo kwenye divai. Kuku wa Bresse aliyepikwa kwa uyoga na krimu anakwenda nayo, hasa chupa iliyokaa miaka kadhaa. Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa ndani ya divai nyekundu kwa mtindo wa Bourgogne inataka ile nzito, ya mwaka wa jua au iliyopitia mwaloni.

Jibini ni rahisi kukosea. Zile kali zenye ukungu wa bluu huiua. Chukua jibini la mbuzi la Mâcon jirani, au Saint-Marcellin kabla halijawa majimaji mno. Cervelle de canut, jibini laini la Lyon lililochanganywa na majani ya viungo, vitunguu vidogo, mafuta na siki kidogo, huenda vizuri mradi mkono wa siki usiwe mzito.

Samaki wenye mafuta, kama jodari na dagaa, waepuke. Chuma kilichomo kwenye divai nyekundu hukutana na mafuta ya samaki na kuacha shombo na ladha ya sarafu mdomoni. Pilipili kali nayo ni adui: kileo huuzidisha moto wake, na tunda halisikiki tena. Vitamu vya mwisho visiguse glasi hii kabisa, ikiwemo chokoleti, hata kama picha za matangazo zinasema vingine.

Kwa jiko la nyumbani, mantiki ni ileile. Nyama choma ya mbuzi yenye mafuta na chumvi tu ni sawa na soseji ya Lyon. Maini ya kukaanga na kitunguu, vivyo hivyo. Pilau ya nyama inakubaliana nayo kwa ajili ya bizari nyembamba na pilipili manga, na ni mojawapo ya vyakula ambavyo kwavyo divai hii nyepesi huzishinda zile nzito za Bordeaux. Ila kachumbari ya ndimu na pilipili ikae mbali, au iliwe na maji. Mchuzi mzito wa nazi unaifunika, sioni faida.

Hatua ya sita: siku ya pili

Usiimalize yote. Acha theluthi ya chupa, rudisha kizibo, iweke kwenye friji, na uionje kesho kabla ya kula. Morgon iliyotengenezwa vizuri huwa nzuri zaidi siku ya pili: tunda limetulia, ukakasi umelainika, harufu ya waridi imejitokeza. Ikiwa imechoka kabisa na kunuka tufaha lililokatwa jana, chupa zake ulizo nazo zinywe mapema, usiziweke. Ikiwa imeboreka, nunua nyingine za mwaka huohuo na uziache miaka mitano hadi kumi, zikilala ubavu, mahali penye giza na ubaridi usiobadilika. Kabati la juu ya jiko si mahali hapo. Ukikosa pa baridi, usizitunze kabisa.

Siku ya tatu mabaki yaende sufuriani. Kaanga kitunguu, uyoga na vipande vya nyama ya kukaushwa kwenye siagi, mimina divai, ichemke mpaka ipungue nusu, ifunge kwa unga kidogo uliokandwa na siagi. Pasulia mayai kwenye maji yenye siki yanayofukuta, dakika tatu, yatoe kiini kikiwa bado laini, yaweke juu ya mkate uliochomwa na kusuguliwa kitunguu saumu, kisha umwagie ule mchuzi. Bourgogne huviita «œufs en meurette», na vinaliwa na Morgon nyingine, iliyotoka kwenye ndoo sasa hivi.